Malori Mazito Adimu na Mipaka ya Kumbukumbu: Historia ya Berliet T100 na Wapenzi Wake

1.0 Utangulizi

Historia ya usafirishaji wa mizigo kwa njia ya barabara imeandikwa zaidi na wachumi pamoja na wapangaji wa miundombinu. Katika maandishi yao lori huonekana kama tarakimu: idadi ya tani, urefu wa safari na gharama ya kila kilomita. Hata hivyo, lipo kundi jingine la watu ambalo kwa miaka mingi limelichunguza lori lenyewe. Hawa ni wapenzi wa malori mazito ya kale, wakiwamo mafundi, madereva wastaafu, wakusanyaji wa picha na vijitabu vya viwanda, na watengenezaji wa vigari vidogo vya mfano. Kinachowavutia zaidi si magari yaliyotengenezwa kwa maelfu, bali yale adimu, na hasa magari ya majaribio ambayo kiwanda kilijenga moja, mawili au manne, kisha kikaacha.

Insha hii inachunguza mchango wa wapenzi hao katika taaluma ya historia kwa kutumia mfano wa lori la Kifaransa la Berliet T100, lililojengwa kuanzia mwaka 1957 kwa ajili ya kazi ya mafuta katika jangwa la Sahara nchini Algeria. Inajadiliwa humu kwamba bila shauku ya wapenzi sehemu kubwa ya ushahidi wa kimaada kuhusu magari ya aina hii ingekwisha kupotea. Inajadiliwa pia kwamba shauku hiyo hiyo, kwa namna inavyouliza maswali yake, huliondoa gari katika ardhi na siasa zilizolizaa. Jukumu la mwanahistoria ni kuupokea ushahidi wa kundi hili kwa heshima na kuliuliza gari maswali ambayo wapenzi hawakuyauliza.

Kabla ya kuendelea, inafaa kutofautisha dhana mbili. Gari la majaribio ni gari linalotembea, lililojengwa ili kupima wazo kabla ya kuamua kama litatengenezwa kwa wingi. Gari la maonyesho ni umbo linalojengwa ili kutangaza wazo, hata kama haliwezi kutembea. Mfano wa dhana ya pili ni lori la General Motors lililoitwa Bison, ambalo lilionyeshwa mjini New York katika Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1964. Lilikuwa na sura ya gari la karne ijayo, lakini halikuwa gari la kufanya kazi. T100 ni la aina ya kwanza, ingawa, kama itakavyoonekana, halikukosa kazi ya maonyesho.

2.0 Mazingira ya Kihistoria

Kampuni ya Berliet ilianzishwa katika eneo la Lyon na Marius Berliet, aliyezaliwa mwaka 1866. Sifa yake katika magari ya mizigo ilijengwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Lori lake la CBA, lililotoka mwaka 1913, lilikuwa miongoni mwa yale yaliyobeba askari na risasi katika barabara ya kutoka Bar-le-Duc kwenda Verdun mwaka 1916. Vita vya Pili viliiacha kampuni katika hali tofauti kabisa. Baada ya ukombozi wa mwaka 1944, Marius Berliet alikamatwa kwa tuhuma za kushirikiana na Wajerumani, akahukumiwa, na viwanda vyake vikaendeshwa kwa muda chini ya usimamizi uliowashirikisha wafanyakazi. Alifariki mwaka 1949, mwaka ambao kampuni ilirejeshwa kwa familia. Mwanawe, Paul Berliet, ndiye aliyeiongoza katika miaka inayohusika na insha hii. Hivyo basi, kampuni iliyojenga T100 ilikuwa kampuni iliyohitaji kujijengea heshima upya mbele ya taifa lake.

Mazingira ya pili ni mafuta. Mwaka 1956 mafuta yaligunduliwa Edjeleh, kisha Hassi Messaoud, katika Sahara ya Algeria. Mwaka huo huo mgogoro wa mfereji wa Suez uliionyesha Ufaransa jinsi inavyoweza kukosa mafuta pale njia ya bahari inapofungwa. Mafuta yaliyopatikana katika ardhi iliyokuwa chini ya bendera yake yalionekana kuwa jibu la tatizo hilo. Mwanzoni mwa mwaka 1957 serikali ya Ufaransa iliunda chombo maalumu cha kusimamia maeneo ya Sahara ya pamoja, kwa lengo la kuuweka utajiri huo chini ya utawala wa Paris.

Mazingira ya tatu ni vita. Waalgeria walikuwa wamekwisha kuanza mapambano ya silaha ya kudai uhuru tangu Novemba 1954. Kwa hiyo, mtambo wa kuchimbia mafuta uliokuwa ukivutwa jangwani mwaka 1957 au 1958 ulikuwa ukivutwa katika nchi iliyo vitani. Aidha, suala la nani ataimiliki Sahara lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochelewesha mapatano kati ya Ufaransa na wapigania uhuru hadi Machi 1962. Ni vigumu kulielewa T100 kama lori tu pale mambo haya matatu yanapowekwa pamoja.

3.0 Umbo na Utendaji wa Gari

Lori la kwanza la T100 lilionyeshwa hadharani mwaka 1957 mjini Helsinki. Vipimo vyake bado vinashangaza: urefu wa takriban mita 15, upana wa takriban mita 5 na kimo kinachozidi mita 4. Likiwa tupu lilikuwa na uzito wa takriban tani 50, na likipakiwa lilifikia tani 100, kama jina lake linavyodokeza. Magurudumu yake sita yalivishwa matairi ya Michelin yenye kipenyo cha mita 2.2, kiasi kwamba mtu mrefu angeweza kusimama kando ya tairi bila kufikia ukingo wake wa juu.

Ukubwa wa matairi haukuwa pambo. Mchanga haubebi uzito kama lami inavyobeba. Kinachoamua kama gari litazama si uzito wake peke yake, bali uzito huo ukigawanywa kwa eneo la tairi linalogusa ardhi. Lori la tani 100 lenye magurudumu sita, kama mzigo umegawanyika sawasawa, huweka tani 16 na ushei juu ya kila gurudumu. Tairi la kawaida lingechimba shimo na kukaa humo. Tairi pana lenye upepo mdogo hujitandaza, likaukanyaga mchanga bila kuukata. Kutokana na kanuni hiyo, wahandisi walijenga gari ambalo matairi yake yalilifanya lipite jangwani, lakini upana wake ukalifanya lisiweze kupita katika barabara za kawaida za Ufaransa bila mipango maalumu.

Nguvu ilitoka kwenye injini ya dizeli ya silinda 12 yenye ujazo wa takriban lita 29.6. Ilikuwa na nguvu za farasi 600, ambazo baadaye ziliongezwa hadi 700. Injini hiyo ilikuwa ya Cummins, yaani ya Marekani. Jambo hili linajulikana kwa kila mpenzi wa T100, na hutajwa katika kila orodha ya vipimo kama tarakimu miongoni mwa tarakimu. Kwa mwanahistoria lina uzito zaidi. Gari lililotangazwa kama ushahidi wa uwezo wa viwanda vya Ufaransa, katika kipindi ambacho nchi hiyo ilitaka kujitegemea kwa nishati, lilikuwa na moyo ulionunuliwa ng'ambo. Orodha ya vipimo, ikisomwa kwa makini, inaweza kupingana na tangazo lililochapishwa kando yake.

4.0 Hatima ya Malori Manne

Kati ya mwaka 1957 na mwisho wa muongo huo yalijengwa malori manne tu. Hayakufanana kabisa, na tofauti zake zinatufundisha jinsi kiwanda kilivyokuwa kikitafuta matumizi ya wazo lake. Mawili ya mwanzo yalielekezwa kwenye kazi ya mafuta jangwani. La nne lilijengwa kama tipa, chumba cha dereva kikiwa juu ya injini, likapelekwa kwenye machimbo ya urani nchini Ufaransa. Hapo pana ishara muhimu. Gari lililobuniwa kwa ajili ya jangwa liligeuzwa kuwa la machimbo ndani ya miaka michache, jambo linaloonyesha kwamba soko lililotarajiwa Sahara halikujitokeza kwa kiwango kilichofikiriwa.

Kwa nini hayakutengenezwa mengine? Tafsiri ya insha hii ni kwamba tatizo halikuwa la kihandisi. T100 lilitembea na lilibeba. Lakini mtambo wa kuchimbia mafuta unaweza kufunguliwa vipande na kubebwa na malori kadhaa madogo, ambayo yakimaliza kazi hiyo hupewa nyingine. Lori moja kubwa likiharibika, kazi yote husimama. Lori moja kati ya kumi likiharibika, tisa huendelea. Zaidi ya hayo, bomba la kusafirisha mafuta ghafi kutoka Hassi Messaoud hadi bandari ya Bougie, ambayo leo huitwa Béjaïa, lilianza kazi mwaka 1959. Sahara ilikuwa ikifungwa nyororo za mabomba na barabara, na kila kilomita ya barabara iliyojengwa ilipunguza haja ya gari lisilohitaji barabara.

Ulinganisho na malori mengine ya kampuni hiyo unaipa nguvu tafsiri hii. Katika misafara ya kuvuka jangwa la Ténéré kuelekea Chad, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1959 na kuhusisha pia wanasayansi, gari lililojipatia sifa lilikuwa Gazelle, lori jepesi la magurudumu sita. Taarifa za kisayansi za misafara hiyo zilichapishwa chini ya uhariri wa Henri-Jean Hugot. Gazelle ndilo lililoendelea kutengenezwa na kuuzwa. T100 lilibaki katika picha.

Malori mawili kati ya manne yapo hadi leo. La kwanza limebaki Hassi Messaoud, ambako limesimamishwa kama mnara wa kumbukumbu katika mji wa mafuta. La pili lilirejeshwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na linahifadhiwa Le Montellier, si mbali na Lyon, na taasisi yenye jina la Berliet iliyoanzishwa mwaka 1982 ili kutunza urithi wa kampuni hiyo. Wakati huo jina lenyewe lilikuwa likitoweka barabarani: kampuni ilikwisha kuingia mikononi mwa Citroën mwaka 1967, kisha Renault mwaka 1974, na hatimaye ikamezwa ndani ya kampuni ya malori ya Renault.

5.0 Mchango wa Wapenzi katika Kuhifadhi Ushahidi

Ni rahisi kwa msomi kuudharau ujuzi wa wapenzi wa malori kwa sababu haufuati taratibu za kitaaluma. Dharau hiyo haina msingi. Gari la majaribio lina sifa moja inayolifanya liwe gumu kwa mtafiti wa nyaraka: kiwanda hakina sababu ya kulitunza. Halina wateja, halihitaji vipuri, na mara nyingi ni kumbukumbu ya fedha zilizopotea. Nyaraka zake hutupwa kampuni inaponunuliwa, na chuma chake huuzwa kama chuma chakavu. Katika hali hiyo, anayejua kutofautisha gari la kwanza na la pili kwa kutazama umbo la chumba cha dereva, ngazi au tangi la mafuta ndiye anayeweza kuipa tarehe picha isiyokuwa na maelezo. Huo ni uhakiki wa chanzo, hata kama haujapewa jina hilo.

Mfano mzuri kutoka nje ya Ufaransa ni lori la Ford lililojulikana kama Big Red. Lilizinduliwa nchini Marekani mwaka 1964 likiwa na injini ya tabaini, yaani ile inayozungushwa na gesi ya moto badala ya pistoni, yenye nguvu za farasi 600. Lilikusudiwa kwa ajili ya barabara kuu mpya zilizokuwa zikijengwa kufuatia sheria ya mwaka 1956, na lilizungushwa nchini humo mbele ya watu wengi. Kisha likatoweka machoni pa umma kwa miongo kadhaa. Lilipojulikana tena mwanzoni mwa miaka ya 2020 kwamba lipo, mikononi mwa mmiliki binafsi, haikuwa kazi ya idara ya historia ya chuo kikuu. Ilikuwa matokeo ya udadisi wa waandishi wa habari za magari na wasomaji wao waliokataa kuamini kwamba kitu kikubwa kiasi hicho kinaweza kupotea.

Kutokana na mifano hii miwili tunaweza kutaja aina tatu za mchango. Kwanza, wapenzi huhifadhi kitu chenyewe. Pili, huhifadhi ujuzi wa kukiendesha na kukitengeneza, ujuzi ambao hauandikwi kikamilifu katika kitabu chochote. Tatu, huhifadhi swali, yaani huendelea kuuliza gari liko wapi wakati taasisi zimekwisha kusahau kwamba liliwahi kuwapo.

6.0 Mipaka ya Mtazamo wa Wapenzi

Pamoja na mchango huo, mtazamo wa wapenzi una mipaka inayoweza kumpotosha mtafiti. Mpaka wa kwanza ni upendo wa upeo. T100 husifiwa kwamba lilikuwa lori kubwa kuliko yote duniani wakati wake. Sifa ya aina hii inategemea kinachopimwa: urefu, upana, uzito au mzigo, na kama magari ya machimbo yanahesabiwa au la. Ilikuwa pia sifa iliyoifaa kampuni kibiashara. Mtafiti anapaswa kuichukua kama sehemu ya historia ya matangazo kabla ya kuichukua kama kipimo.

Mpaka wa pili ni ukimya kuhusu watu. Tunajua kipenyo cha matairi ya T100 kwa usahihi kuliko tunavyojua majina ya waliolipakia, waliolifukua mchangani au waliolilinda usiku. Picha nyingi zinazopendwa ni zile ambazo gari limesimama peke yake juu ya mchanga, kana kwamba Sahara ilikuwa ukurasa mtupu ukisubiri kuandikwa. Haikuwa hivyo. Ilikuwa nchi ya watu wenye njia zao, visima vyao na misafara yao, na kwa wakati huo ilikuwa nchi iliyokuwa ikidaiwa kwa damu.

Mpaka wa tatu unahusu mwisho wa hadithi. Katika masimulizi mengi, historia ya T100 hukoma pale lilipoacha kufanya kazi na kuanza tena pale moja liliporejeshwa Ufaransa. Miaka ya katikati hupotea, ilhali ndiyo miaka ambayo Algeria ilipata uhuru, tarehe 5 Julai 1962, ikaunda shirika lake la mafuta la Sonatrach mwishoni mwa mwaka 1963, na kutaifisha sehemu kubwa ya mafuta yake Februari 1971. Kiwanda ambacho Berliet ilikijenga Rouiba, karibu na jiji la Algiers, hakikufungwa. Kiliingia katika shirika la umma la magari la nchi hiyo na kuendelea kuzalisha malori. Kwa Waalgeria, basi, urithi mkuu wa Berliet haukuwa lori moja kubwa lisilozaa. Ulikuwa kiwanda na mafundi wake.

Malori mawili yaliyobaki yanaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Lile la Le Montellier ni kilele cha ubunifu wa kampuni ya Lyon. Lile la Hassi Messaoud limesimama katika mji ambao mafuta yake yalitaifishwa. Chuma ni kile kile, lakini haliwezi kuwa ushahidi wa jambo lile lile. Mtafiti anayelitazama moja bila jingine atarudi na nusu ya historia, na nusu hiyo itategemea bahari imemwacha upande gani.

7.0 Funzo kwa Utafiti wa Afrika Mashariki

Suala hili linaihusu pia historia yetu. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya kuaminika ya kupata mafuta kupitia kusini. Malori yalianza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, katika barabara ambayo kwa wingi wa ajali ilipewa jina la njia ya jehanamu. Hali hiyo iliendelea hadi bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilifuata katikati ya muongo uliofuata. Bomba na reli vimeandikiwa mengi. Malori yaliyoishikilia nchi jirani katika miaka ile, pamoja na madereva na utingo wake, hayajapata nafasi inayolingana na kazi yake.

Vivyo hivyo, kituo cha Nyumbu huko Kibaha, kilicho chini ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kilibeba katika miaka ya 1980 matumaini ya kubuni na kujenga lori la Kitanzania. Gari la majaribio la Nyumbu ni chanzo cha historia sawa na hotuba au bajeti. Linaweza kutuambia ni sehemu zipi ziliweza kutengenezwa nchini, zipi zilinunuliwa, na wahandisi walikusudia gari lipite katika barabara za namna gani. Maswali yale yale tuliyoiuliza injini ya Cummins ndani ya T100 yanaweza kuulizwa hapa.

Ipo haja, basi, ya kufanya mambo mawili mapema. Jambo la kwanza ni kukusanya masimulizi ya madereva, utingo na mafundi wa gereji walio hai, kwa sababu umri wao hausubiri ratiba ya utafiti. Jambo la pili ni kuorodhesha magari yenyewe kabla hayajakatwa. Lori likishayeyushwa, namba ya chasisi, viraka vya fundi na marekebisho yaliyofanywa kwa ajili ya barabara mbovu hupotea pamoja, na hakuna waraka utakaoweza kuvirudisha.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba T100 lilizaliwa na mambo matatu yaliyokutana: kampuni iliyotafuta heshima, dola iliyotafuta mafuta, na vita vilivyohusu nani ataimiliki ardhi yenye mafuta hayo. Kushindwa kwake kuendelea kutengenezwa kunaeleza zaidi kuhusu mabadiliko ya Sahara kuliko kuhusu udhaifu wa gari. Imeonyeshwa vilevile kwamba wapenzi wa malori adimu wametunza ushahidi ambao viwanda na vyuo havikuutunza, ingawa wameutunza kwa mpangilio unaotanguliza vipimo na kuwaacha watu nyuma.

Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba watafiti wa historia ya teknolojia barani Afrika washirikiane na wapenzi hao, wakitumia ujuzi wao wa kuyatambua magari na kuzipa picha tarehe. Pamoja na hilo, wafuatilie kila gari hadi kwa waliolipakia, waliolitengeneza na waliomiliki ardhi lilimopita. Kazi hiyo ikianzia Hassi Messaoud, haina budi kufika Rouiba na Le Montellier. Ikianzia Kibaha, haina budi kufika kwa utingo aliyelala chini ya lori katika barabara ya Zambia.